Bunduki Niliyoichagua Mimi

Tulimwosha Mama Fatu katika chumba chake mwenyewe pale Mnyambe, na mimi nikapewa kumwagia maji upande wa kushoto. Alikuwa mke wa mjomba wangu, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu alikuwa zaidi ya hapo. Mkono wake ulikuwa umebaki ngozi na mfupa. Chini ya ile ngozi, kuanzia kiwiko kupanda hadi begani, vidole vyangu vilipita juu ya vitu vidogo vigumu, kama punje za ulezi zilizosahaulika ndani ya mfuko. Nilivijua. Yalikuwa marisau, zile risasi ndogondogo za kupigia ndege, ambazo madaktari waliziacha humo kwa sababu kuzichimbua kungemuumiza zaidi. Nje, wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka wakisubiri maiti itoke. Dirisha la chumba kile lina wavu tu, kwa hiyo kila neno liliingia. Kaka yangu Hamisi alikuwa akiwasimulia vijana jinsi marehemu alivyopoteza jicho. "Bunduki yenyewe ilikuwa mbovu," alisema. "Ilikuwa inajilipukia tu. Aliichagua Somoe, mdogo wangu, kule Masasi. Mnajua tena, msichana kuchagua bunduki." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kiganja. Bibi aliyekuwa akituongoza katika kuosha alinitazama, akaona mikono yangu imesimama. "Mwaga maji, mwanangu," akasema. Nikamwaga.

Nimefika umri ambao watu hutegemea uwe umepoa. Nimezaa, nimelea, nimestaafu kazi yangu ya uchapaji katika ofisi za Masasi, na watu wengi walionikosea nimewasahau hata majina. Lakini hili halijapoa, na sioni kwa nini lipoe. Wanaoambiwa wapoe siku zote ni wale waliounguzwa. Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa.

Nilikuwa nimetoka jeshini kwa mujibu wa sheria, kama ilivyowapasa vijana wote waliomaliza kidato cha sita enzi zile. Nilikuwa nikisubiri kazi, nikakaa kwa mjomba, ambaye sisi sote tulimwita Njomba. Kwetu Umakondeni mjomba akishasema, hata baba mzazi hunyamaza. Nyumba yake ilikuwa na kibaraza kirefu cha saruji nyekundu, na nyuma yake uga mpana uliofagiliwa kila asubuhi, jiko likiwa ng'ambo ya pili. Njomba alikuwa mpenda ndege. Sisemi mpenda kuwatazama. Alipenda kuwawinda, kwale asubuhi na kanga jioni, na alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya zamani iliyompiga bega kwa miaka mingi mpaka bega likaanza kuchomoka. Jicho nalo lilikuwa limeingia ukungu. Wakati huohuo kanga walikuwa wakishuka kwa makundi kwenye karanga zake na kufukua kila kitu. Basi mchana mmoja, tukiwa kibarazani tunakula ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, aliniuliza bila kunitazama.

"Somoe, ni kweli kule jeshini ulikuwa unapiga shabaha?"

"Ni kweli, Njomba."

"Na wewe Hamisi?"

Hamisi alikuwa akimenya mng'oko wake taratibu. "Mimi sijawahi kushika, Njomba. Lakini ni kitu cha kujifunza siku moja tu."

"Basi nitakwenda na Somoe," Njomba akasema. "Jicho langu limekwisha. Utachagua wewe, nami nitakubali utakachosema."

Maneno hayo aliyasema mbele yetu sote. Mama Fatu alikuwepo, Hamisi alikuwepo. Nayaandika hapa kwa sababu baadaye kila mtu aliyasahau isipokuwa mimi.

Masasi tulifikia kwa Bwana Edmundi, mfanyabiashara mwenye kibali cha kuuza silaha. Yeye na watu wengine wa maofisini na madukani walikuwa na kawaida ya kwenda upande wa Lisekese kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mtambo wa springi. Sebuleni kwake viti vilivalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na juu ya meza ya chakula alikuwa ametandika shuka na kulaza bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mitutu miwili, ndugu yake ile ya Njomba. Nyingine mbili zilikuwa za kujipakia zenyewe: mtutu mmoja, unafyatua, ganda linaruka nje, na risasi inayofuata inapanda mahali pake bila wewe kugusa kitu. Moja kati ya hizo iling'aa, imenakshiwa ndege wenye mikia mirefu ubavuni. Njomba aliishika hiyo mara moja na hakutaka kuiacha. Ya pili ilikuwa nyeusi tupu, na kitako chake cha mti kilikuwa na mikwaruzo.

Nilizishika zote kwa zamu. Nilifumba macho, nikaiinua bunduki begani kama vile ndege ameruka, kisha nikafumbua nione jicho limeangukia wapi. Ile yenye nakshi ilikuwa nzito mbele, na kitako chake kirefu kilinishika kwapani kabla hakijafika begani. Kwa kanga anayeruka ghafla kutoka kwenye majani, kuchelewa namna hiyo ni kumuaga. Ile nyeusi ilipanda yenyewe. Kila nilipofumbua macho, kile kitone cha shaba mwishoni mwa mtutu kilikuwa kimekaa hapohapo nilipokuwa nikitazama. Bwana Edmundi alitueleza kwamba sehemu ya nguvu ya baruti hutumika kusukuma mtambo wa kupakia, kwa hiyo bega hupigwa kidogo kuliko kwa mitutu miwili. "Kwa bega la mzee hapa, hii ni dawa," alisema. Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. Ile ya mitutu miwili unaikunja katikati, unaona kwa macho kama ina kitu au haina. Hii je? Nikishapiga, nitajuaje kama ndani kuna nyingine?

"Usijaribu kujua," akasema. "Chukulia ipo. Hata ukiwa umeitoa mwenyewe, chukulia ipo. Mtu asiyeweza kuishi hivyo asinunue hii."

Mkewe alituandalia wali na mchicha wa karanga, tukala, kisha tukaenda uwanjani. Vile vilima vya mawe vya Masasi vilikuwa nyuma yetu na jua lilikuwa kali. Wanaume waliokuwepo walinisalimu kwa adabu, mmoja akaniuliza kama nimekuja kuokota maganda. Nilianza na ile yenye nakshi, kwa heshima ya Njomba, nikavikosa visahani viwili na cha tatu nikakigusa ukingoni. Nikachukua ile nyeusi. Kisahani cha kwanza kiligeuka vumbi. Cha pili kikageuka vumbi. Walipoanza kurusha viwili kwa pamoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, ndipo nilipoielewa ile bunduki, kwa sababu baada ya mlio wa kwanza haikunirusha nyuma, ilinisubiri, na cha pili nilikipata kabla hakijaanza kuanguka. Yule aliyeniuliza habari ya maganda ndiye aliyeyaokota. Bwana Edmundi akamgeukia mjomba wangu. "Mzee, aliyekuja kuchagua ameshachagua." Njomba akanishika bega na kusema, "Mpwa wangu huyu." Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, na sikuwahi kuguswa namna ile na mtu mzima wa kiume, kwa fahari. Nasema hili ili ieleweke kwamba kilichofuata hakikunikuta nikiwa namchukia.

Tulirudi kwa gari la mizigo la mtu wa Chilangala. Njomba alikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia, bunduki imefungwa kwenye turubai miguuni pangu. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika. Tulipokuwa tunapanda kuelekea Newala, gari likienda kwa kusuasua, nilimsikia akimsimulia dereva. "Nimeichagua mwenyewe. Nimeijaribu pale Lisekese, visahani vyote vumbi." Dereva akasema, "Mzee, kumbe jicho bado lipo." "Lipo," Njomba akasema. Nilicheka peke yangu kule nyuma. Nilidhani ni uzee unajifurahisha. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Majuma yaliyofuata nilikuwa mwindaji wa nyumba ile. Nilitoka alfajiri na kurudi na kanga wawili, mara nyingine watatu, na Mama Fatu aliwapika kwa tui la karanga mpaka nyama ikaachana na mfupa. Tulikula tukitema marisau kwenye ukingo wa sahani, tukisikia mlio wake mdogo, tink, na Mama Fatu alikuwa akisema kwamba chakula kinachopiga kengele si cha maskini. Siku moja alipakua, akachukua firigisi akaiweka kwenye sahani yangu. Kila mtu anajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Alikuwa akinishukuru tu, kwa namna mpishi anavyoweza. Njomba aliitazama ile sahani, akaitazama sahani yake, akala hadi mwisho.

Kesho yake jioni alitembelewa na wazee wenzake. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele, na sauti zao zilivuka uga. Mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba siku hizi Mnyambe ndege huwindwa na wanawake. Wakacheka. Njomba hakucheka. "Huyo ni wa kupita tu," akasema. "Nimempa aishike wakati kaka yake anajifunza." Mwingine akasema mwanamume gani ataoa msichana anayelala na bunduki. Mama Fatu alikuwa kando yangu akichochea moto. Alisikia kila kitu. Aliongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

Asubuhi yake bunduki ilikuwa kwa Hamisi.

Nilimwendea Njomba kibarazani, nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Nikamwambia kwamba Hamisi hajui bunduki ile na kwamba si bunduki ya kujifunzia. Akanijibu kwamba bunduki ni bunduki. Nikamwendea Hamisi mwenyewe. Nilimkuta akiipaka mafuta ya nazi, ambayo huifanya mitambo igande uchafu, nikaliacha hilo nikashika lililo kubwa.

"Kaka, sikiliza moja tu. Ukishapiga, ina nyingine. Daima chukulia ipo, na kidole kikae nje mpaka umeona ndege."

"Usinifundishe."

"Sikufundishi. Nakuomba."

"Wewe ulishika chuma hiki majuma machache, sasa umekuwa kamanda," alisema, na akaendelea kupaka.

Wakati wa kuvuna mbaazi, Hamisi aliua kanga wake wa kwanza kwenye shamba la jirani. Alirudi nyumbani na marafiki zake wakiimba. Mama Fatu alikuwa ng'ambo ya uga, mbele ya jiko, ameinama juu ya turubai anatandaza mbaazi zikauke. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko. Hamisi akapanda kibarazani, akaanza kuwaonyesha wenzake jinsi bunduki ile isivyompiga mtu bega. Aliiinua, akaizungusha kama anafuata ndege wa kuwazia, na mtutu ukapita juu ya uga mzima. Nilifungua mdomo. Mlio ukatangulia.

Mama Fatu hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya mbaazi kama mtu aliyechoka, akaweka kiganja usoni, na damu ikapita katikati ya vidole. Kila mtu alisimama. Hamisi alikuwa bado ameishika ile bunduki, anatetemeka mwili mzima, na mtutu ulikuwa ukiyumba kwa wenzake, kwa mlango, kwa Mama Fatu tena. Na kidole kilikuwa palepale. Mimi nilijua kitu ambacho hakuna mwingine uwanjani pale alikijua, kwamba ndani yake tayari imepanda nyingine. Nikavuka uga mbio, nikampita Mama Fatu, naam, nikampita, nikaukamata mtutu na kuuelekeza juu, nikamnyang'anya. Nilivuta mtambo. Risasi nzima, haijapigwa, ikaruka na kuanguka kwenye saruji. Ndipo nikamrudia Mama Fatu, nikamfunga kichwa kwa khanga yangu, nikampakata mpaka gari lilipopatikana.

Jicho la kushoto halikuokolewa. Polisi walipokuja waliambiwa na Njomba kwamba bunduki ililipuka yenyewe ikifutwa. Wakaichukua, haikurudi. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo ile bunduki iliporudishwa kwangu. Iliposhinda pale Lisekese ilikuwa imechaguliwa na Njomba. Ilipoleta kitoweo ilikuwa ya Njomba. Ilipoua kanga wa kwanza wa Hamisi ilikuwa ya Hamisi. Siku ilipotoa jicho la mtu, ghafla wote wakakumbuka ni nani aliyeichagua.

Waliketi wazee, wakaniita. Njomba alikuwa katikati yao, Hamisi pembeni ameinamisha kichwa kama mfiwa. Mzee mmoja akaniambia kwamba familia imetafakari, na kwamba mambo mawili yanawasikitisha. La kwanza, nilimshauri mjomba wangu vibaya, nikamnunulisha chombo cha hatari. La pili, na hili alilisema kwa huzuni kubwa, ni kwamba mke wa mjomba wangu akiwa anavuja damu, watu waliniona kwa macho yao nikimruka na kukimbilia bunduki.

"Ilikuwa na risasi nyingine," nikasema. "Muulizeni Hamisi. Ilianguka miguuni pake."

Hamisi hakuinua kichwa.

"Hamisi, ilianguka au haikuanguka?"

"Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa," akasema. "Sikuona."

"Omba radhi, mwanangu, yaishe," yule mzee akasema. "Neno moja tu."

Nilimtazama Njomba. Nilimsubiri. Mtu aliyesema mbele yetu sote, utachagua wewe, nami nitakubali. Mtu aliyenishika bega. Alikuwa akikwangua kucha yake kwa kijiti cha kiberiti.

"Sitaomba radhi," nikasema. "Nilichagua vizuri. Mlimpa asiyefaa."

"Basi hapa kwangu huna la kungoja," Njomba akasema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyonipa siku ile.

Nilifunga nguo zangu. Mama Fatu alikuwa amelala kwenye chumba kilekile tulichokuja kumwoshea, kitambaa kimemzunguka kichwa. Alinishika mkono akaniambia, kwa sauti ya chini kwa sababu ya lile dirisha, "Ulifanya vema kuanza na bunduki. Ingelia tena, nisingekuwa hapa." Nikamwomba ayaseme hayo nje, mbele yao. Akasema, "Nikiyasema, Somoe, nitalala wapi?" Niliondoka nikiwa na hasira naye pia, na ile ndiyo hasira inayonichoma zaidi, kwa sababu alikuwa na haki ya kuogopa na mimi nilikuwa na haki ya kumtaka aseme. Kwa miaka yote iliyofuata nilimtembelea, nikamletea sabuni na sukari, tukaongea habari za mvua na wajukuu. Njomba akafa bila kusema. Hadithi ikaendelea kukua bila mimi, kila harusi, kila msiba, mpaka watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakawa wanaijua bunduki mbovu ya Bi Somoe.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, wali ulipakuliwa, na kabla ya dua Hamisi alisimama kushukuru kwa niaba ya familia. Ni mzee sasa, tasbihi mkononi, na watu humsikiliza. Alisema marehemu hakuwa na kinyongo na mtu. Alisema hata lile jicho alilisamehe, maana alijua ilikuwa ajali ya bunduki mbovu, na aliyeichagua naye alikuwa binti mdogo, asingeweza kujua. Alikuwa akinisamehe. Kaka yangu alikuwa akinisamehe mbele ya umati.

Nilisimama kutoka upande wa wanawake, nikaenda hadi ukingoni mwa mikeka.

"Kaka, bunduki haikuwa mbovu. Waambie kidole chako kilikuwa wapi."

"Mama Rashidi," sauti moja ikaniita kwa jina la mwanangu, "hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Wazee walikataa barazani. Njomba amekwenda nalo. Mwenye jicho mmetoka kumzika sasa hivi. Nikalisemee wapi?"

Hamisi alizungusha tasbihi, punje baada ya punje, akatazama chini. Nilidhani atasema amechanganyikiwa.

"Kilikuwa kwenye kifyatulio," akasema. "Na Somoe alikuwa amenikataza."

Shehe aliomba tusome Fatiha, tukasoma. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku nitakayoyasikia maneno yale hasira itanitoka kama pepo aliyeitwa kwa jina lake. Haikutoka. Ilikuja nyingine juu yake. Maneno machache kiasi kile, ya pumzi moja. Yangeweza kusemwa Mama Fatu akiwa amekaa palepale mkekani, akayasikia kwa masikio yake. Kwa ajili ya pumzi moja mwanamke aliishi maisha yake yote na uongo ndani ya nyumba yake, akiupikia, akiupakulia.

Watu walipoanza kutawanyika Hamisi alinifuata. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema.

"Si mimi niliyepoteza jicho," nikamwambia. "Nenda kamwambie yeye."

Alinitazama kama mtu ambaye hajaelewa, kisha akaelewa. Nikamwonyesha kwa mkono ile njia ya makaburini, inayopita katikati ya mikorosho. Mjukuu wake mmoja alitaka kumshika mkono, nikamzuia. Hamisi aliondoka taratibu, peke yake, na mimi nikabaki nimesimama pale mpaka nilipomwona amefika.